Grace Humiston: Mwanamke aliyewatafuta waliopotea

WATU wengi wakisikia neno mpelelezi, picha inayowajia ni ya mwanamume mwenye koti refu na kofia iliyoshuka hadi kwenye nyusi, sigara mdomoni na bastola mfukoni. Picha hiyo ilienea kutoka Marekani katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Dashiell Hammett, ambaye aliwahi kuajiriwa na shirika la upelelezi la Pinkerton kabla ya kuwa mwandishi, alitoa riwaya yake The Maltese Falcon mwaka 1930, na sinema zikafuata. Katika hadithi nyingi za aina hiyo mwanamke huwa ama mteja anayelia, ama mwongo, ama maiti.

Leo, ndugu msomaji, nataka nikusimulie maisha ya mtu aliyeifanya kazi hiyo kweli, tena kabla hadithi hizo hazijaandikwa. Alikuwa mwanamke, alikuwa wakili, na alikuwa na mazoea ya kuvaa nguo nyeusi. Magazeti ya New York yalimbandika jina la Bi Sherlock Holmes. Jina lake halisi ni Grace Humiston, na aliaga dunia mwaka 1948.

Nimemchagua yeye kwa sababu kazi yake kubwa haikuwa kukimbizana na majambazi wa benki. Alikuwa akiwatafuta watu waliopotea, hasa maskini na wageni, ambao serikali haikuwa na haraka ya kuwatafuta. Sisi tunaoishi Kakoba hapa Mbarara, na wenzetu wa kule Nakivale, tunalielewa jambo hilo bila kufafanuliwa. Kambi ya Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, walipoingia Wanyarwanda, na baadaye Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengineo. Ni nadra kuingia katika nyumba ya huko ukakosa jina moja ambalo likitajwa, watu hunyamaza. Aliondoka asubuhi, hakurudi. Alivuka mpaka, hakupiga simu.

MTOTO WA TAJIRI

Alizaliwa New York mwishoni mwa miaka ya 1860 kwa jina la Mary Grace Winterton. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye uwezo, na binti huyu angeweza kula urithi wake kwa raha. Badala yake aliamua kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha New York, akahitimu mwaka 1903. Wakati huo wanawake wa jimbo la New York hawakuwa hata na haki ya kupiga kura. Haki hiyo waliipata mwaka 1917.

Aliolewa kwanza na mwanamume aitwaye Quackenbos, ndoa ikavunjika. Mwaka 1911 aliolewa tena, na wakili Howard Humiston. Ndiyo maana ukifuatilia habari zake za mwanzo utamkuta kwa jina la Mary Grace Quackenbos, na za baadaye kwa jina la Grace Humiston. Mtu ni yule yule.

Baada ya kupata leseni ya uwakili hakwenda kutafuta wateja wenye magari. Alifungua ofisi ya kuwahudumia maskini kwa ada ndogo, akaiita Kampuni ya Sheria ya Wananchi. Wateja wake walikuwa wahamiaji waliomiminika New York kutoka Italia, Urusi, Hungaria na kwingineko Ulaya. Ili uone ukubwa wa wimbi hilo, katika mwaka 1907 peke yake watu zaidi ya milioni moja walipita katika kituo cha mapokezi cha Ellis Island.

Kesi ya kwanza iliyomletea sifa ilikuwa ya Antoinette Tolla, mwanamke Mwitaliano aliyehukumiwa kunyongwa huko New Jersey kwa kosa la kuua. Mwanamke huyo alikuwa mgeni katika nchi ambayo lugha ya mahakama haikuwa lugha yake. Yeyote aliyewahi kuhojiwa kwa kupitia mkalimani anajua maneno yanavyoweza kutoka mdomoni yakiwa na sura moja, yakafika kwenye karatasi yakiwa na sura nyingine. Wakili wetu aliifufua kesi, akakusanya ushahidi upya, na mwaka 1906 hukumu ya kifo ikageuzwa kuwa kifungo cha miaka saba na nusu.

UTUMWA WA MADENI

Katika ofisi hiyo ndogo walianza kuja watu wenye malalamiko yanayofanana. Mume ameondoka na wakala wa kazi kwenda majimbo ya kusini, barua hazifiki. Kaka amekwenda kukata miti, hakuna habari. Watoto wanauliza baba yuko wapi. Mawakala waliwaahidi wanaume hao mshahara mzuri, nyumba na nauli ya bure, wakapandishwa treni na meli, kisha kimya.

Grace hakuridhika kuandika barua na kungoja majibu. Alifunga safari mwenyewe hadi kusini, akajibadilisha sura na jina, akaingia katika maeneo ya kambi za mbao na za kutengeneza tapentaini huko Florida na Alabama. Alichokikuta ni utaratibu uliopangwa vizuri. Mfanyakazi alipofika aliambiwa kuwa nauli ile haikuwa ya bure, ni deni. Chakula alinunua katika duka la kampuni kwa bei ya kampuni, nalo likawa deni. Blanketi ni deni, jembe ni deni. Mshahara wa mwezi haukutosha kulipa deni la mwezi, na ambaye hajalipa haruhusiwi kuondoka. Aliyetoroka aliwindwa kwa mbwa na bunduki.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Lakini deni hili lilitengenezwa makusudi ili lisilipike. Ulikuwa utumwa, ingawa sheria ya kupiga marufuku utumwa wa madeni ilikuwapo Marekani tangu mwaka 1867.

Ushahidi alioukusanya ulikuwa mzito kiasi kwamba mwaka 1906 serikali ilimteua kuwa msaidizi maalumu wa mwanasheria wa serikali kuu mjini New York, mwanamke wa kwanza kupewa cheo hicho. Mwaka uliofuata alitumwa Arkansas, katika shamba kubwa la pamba la Sunnyside kando ya mto Mississippi, ambako familia za Kiitaliano zilikuwa zimenaswa katika madeni ya namna ile ile.

Hapo ndipo alipokutana na ukuta. Mmoja wa waliolimiliki shamba hilo kwa mkataba alikuwa LeRoy Percy, tajiri na mwanasheria wa Mississippi, aliyekuwa akiwinda pamoja na Rais Theodore Roosevelt. Grace alifanikiwa kumfikisha mshirika wa Percy mbele ya sheria, lakini baraza la mahakama lilikataa kumfungulia mashtaka. Percy naye akamfikia Rais, akataka mwanamke huyo aondolewe. Ripoti ya Sunnyside ikafungiwa kabatini, na mwandishi wake akarudishwa New York. Miaka mitatu baadaye Percy akawa seneta.

Nayaandika haya nikijua nani atayasoma. Biashara ya mipakani, Katuna, Mirama Hills, Mutukula na Bunagana, haipitishi ndizi, maharage na vitenge peke yake. Hupitisha pia ahadi. Mtoto wa shangazi yangu aliahidiwa kazi ya hoteli ng'ambo, akaambiwa nauli na pasipoti vimeshalipiwa. Alipofika aliambiwa ana deni la miaka miwili. Shangazi alipokwenda kupiga ripoti, ofisa mmoja alimjibu kwamba binti amemfuata mwanamume, atarudi akichoka. Alirudi kweli, baada ya miaka mitatu, lakini hakuwa amemfuata mwanamume yeyote.

Tukumbuke pia kuwa njia hizi ni za zamani. Katika miaka ya 1920 na 1930 babu zetu kutoka Rwanda na Burundi walipita Ankole kwa miguu kwenda kulima pamba na kahawa za Buganda, wengi wao wakikimbia njaa ya Rwakayihura ya 1928 na 1929 na kodi za Wabelgiji. Wapo waliorudi na baiskeli na nguo, na wapo ambao hawakurudi.

DAKIKA ARUBAINI KABLA YA KIFO

Mwezi Machi 1915, katika kijiji cha West Shelby jimboni New York, mkulima mzee Charles Phelps na mtumishi wake wa nyumbani Margaret Wolcott waliuawa kwa risasi. Ng'ambo ya barabara aliishi kibarua wa shamba, Charles Stielow, mtu mnyonge ambaye alisoma kwa shida. Mpelelezi wa kulipwa aliletwa, akambana kibarua huyo hadi akatoa karatasi aliyodai kuwa ni ungamo. Stielow hakuitia sahihi. Mtu mwingine aliyejiita mtaalamu wa bunduki aliapa mahakamani kwamba risasi zilizoua zilitoka katika bastola ya Stielow. Kibarua akahukumiwa kufa katika kiti cha umeme kwenye gereza la Sing Sing.

Humiston alijiunga na kundi la watu walioamini kuwa mtu huyu hana hatia. Hakuwa peke yake, na sifa zote si zake. Lakini ni yeye aliyefunga safari hadi vijijini, akagonga milango, akaongea na majirani ambao hakuna aliyewahi kuwauliza kitu. Mwaka 1916 utekelezaji wa hukumu uliahirishwa mara kadhaa, na mara moja zilikuwa zimebaki kama dakika arubaini tu. Mwaka huo huo mchuuzi aliyekuwa akizunguka eneo hilo, Erwin King, alikiri kwamba yeye na mwenzake ndio waliohusika. Baadaye akakana maneno yake. Gavana Charles Whitman akabadilisha hukumu ya Stielow kuwa kifungo cha maisha, akaagiza uchunguzi upya.

Katika uchunguzi huo, Charles Waite na mtaalamu wa hadubini Max Poser walizilinganisha risasi zilizoua na risasi zilizopigwa kwa bastola ya Stielow. Ikaonekana wazi kuwa hazikutoka katika silaha hiyo. Mei 1918 Stielow na shemeji yake Nelson Green waliachiwa huru. Waite aliishughulikia taaluma hiyo kwa miaka, na mwaka 1925 yeye na wenzake wakaanzisha New York ofisi ya uchunguzi wa risasi na bunduki. Elimu hiyo leo inatumika katika mahakama za dunia nzima, ikiwemo Uganda, na sehemu ya chimbuko lake ni maisha ya kibarua mmoja ambaye wachache walikataa aachwe afe.

BINTI WA HARLEM

Kesi iliyomfanya ajulikane Marekani nzima ilianza tarehe 13 Februari 1917. Ruth Cruger, msichana wa miaka 18, alitoka nyumbani kwao Harlem kwenda kuchukua viatu vyake vya kutelezea kwenye barafu, alivyopeleka kunolewa kwa fundi wa pikipiki. Fundi huyo aliitwa Alfredo Cocchi. Ruth hakurudi.

Polisi walimhoji Cocchi, wakapita ndani ya karakana yake, wakasema hakuna kitu. Baada ya muda mfupi Cocchi akatoroka kwenda kwao Italia, akamwacha mkewe na watoto. Hata hapo polisi waliendelea kushikilia kwamba msichana ametoroka na mpenzi. Baba yake alikataa maneno hayo. Alimjua binti yake.

Humiston aliichukua kesi, akishirikiana na mpelelezi aitwaye Julius Kron. Njia yake ilikuwa rahisi kueleza ingawa ilikuwa ngumu kuifuata. Aliyapuuza maneno ya mapenzi ambayo hayakuwa na shahidi, akarudi mahali pa mwisho ambapo msichana alijulikana kwenda. Wakauliza nani alimwona fundi usiku ule, na nguo zake zilikuwa na hali gani. Kila jibu liliwarudisha kwenye chumba cha chini cha karakana. Baada ya vikwazo vingi wakapata nafasi ya kuchimba, na tarehe 16 Juni 1917 mwili wa Ruth ulipatikana chini ya sakafu. Miezi minne ilikuwa imepita.

Uchunguzi rasmi uliofuata ulionyesha kwa nini polisi walikuwa wazito. Baadhi ya askari wa pikipiki walikuwa marafiki wa Cocchi. Dereva aliyekamatwa kwa mwendo kasi alielekezwa kwa fundi huyo, akaacha kitu kidogo, karatasi ya faini ikapotea, na fedha zikagawanywa. Kikulacho ki nguoni mwako. Sidhani kama askari hao walijua kuwa rafiki yao ni muuaji. Walichojua ni kwamba karakana ile ikichunguzwa sana, chai yao itamwagika. Hongo ya faini ndogo ya barabarani ilitosha kumficha msichana aliyekufa kwa miezi minne.

Italia haikukubali kumkabidhi raia wake, bali ilimshtaki Cocchi huko huko, mjini Bologna. Mwaka 1920 alihukumiwa kifungo cha miaka 27. Nakuomba msomaji uliangalie jambo moja hapa. Wakili aliyewatetea Waitaliano wa Sunnyside ndiye aliyemfichua Mwitaliano wa Harlem. Kumtetea mgeni hakumaanishi kuficha uovu wake, na kumkamata mhalifu mmoja hakulifanyi kabila lake zima kuwa la wahalifu. Sisi wa mpakani tungekuwa tumezika watu wachache zaidi kama kila mtu angelijua hilo.

KUANGUKA KWAKE

Mafanikio hayo yalimpandisha juu ghafla. Mkuu wa polisi wa New York alimpa wadhifa maalumu wa kushughulikia wasichana waliopotea, na kila siku familia zilijipanga mlangoni kwake. Lakini kabla mwaka 1917 haujaisha alikosea jambo moja, nalo likamgharimu kila kitu.

Marekani ilikuwa imeingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na askari walikuwa wakifundishwa katika kambi ya Upton, jimboni New York. Humiston alitangaza hadharani kuwa wasichana wengi wameharibiwa na wengine kufa kwa sababu ya yanayotendeka kambini humo. Jeshi lilikana, likadai majina na ushahidi. Hakuweza kuutoa. Magazeti yaliyokuwa yakimsifu yakamgeuka, wadhifa wake ukaondoka, na polisi aliowaaibisha wakapata nafasi ya kucheka. Aliishi miaka zaidi ya 30 baada ya hapo. Miaka ya 1930 ilipofika na riwaya za wapelelezi wagumu kujaa madukani, wachache tu walikumbuka kuwa mji ule ule uliwahi kuwa na mpelelezi wa kweli, mwanamke mwenye nguo nyeusi. Alipofariki mwaka 1948, jina lake lilikuwa limekwisha kusahaulika na wengi.

Mimi namheshimu, lakini sitaki kuificha sehemu hii ya mwisho, kwa sababu inatuhusu. Katika kesi ya Stielow na ya Ruth alishinda kwa kuwa alikuwa na tarehe, majina, mahali na mashahidi. Kule Upton alikuwa na uchungu na uvumi. Uchungu ulikuwa wa haki, lakini uvumi hausimami mahakamani, na ukishaanguka unaangusha hata yaliyo kweli. Kambini na sokoni habari ya mtoto aliyepotea husafiri haraka kuliko boda boda, na kila anayeipokea huongeza chumvi. Mwisho wake familia haijui ishike lipi.

Kwa hiyo anayempoteza mtu wake aanze kama Humiston alivyoanza. Andika tarehe na saa aliyoondoka, nguo alizovaa, namba ya simu aliyopiga mwisho, jina la wakala na namba ya gari. Tunza picha. Msalaba Mwekundu una huduma ya kuwatafuta ndugu waliotenganishwa na vita na uhamaji, na haitozi fedha. Kabla ya kijana kuondoka na wakala, uliza kama kampuni hiyo ina leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Uganda ina sheria ya kuzuia biashara ya binadamu tangu mwaka 2009, na kumshikilia mtu kwa deni la nauli si jambo la kifamilia la kunong'onezana jikoni.

Na ukiambiwa kituoni kwamba binti yako amemfuata mwanamume, uliza ni mwanamume gani, aliyewaona ni nani, na siku gani. Kama hakuna jibu, usirudi nyumbani. Baba yake Ruth Cruger hakurudi nyumbani. Mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata.